Sanamu za Malindi: Nani ana haki ya kuchonga, nani ana haki ya kuuza?

MTALII anayepita katika vibanda vya vinyago mjini Malindi au Watamu hupokewa na sanamu za kila aina: twiga, simba, morani wa Kimaasai na wanasesere wa mbao. Akiuliza bei, hutajiwa mara moja. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni iwapo aliyeichonga sanamu hiyo alikuwa na haki ya kuiuza, na kama alikuwa nayo, aliipata kwa nani.

Swali hilo si la kupuuzwa katika eneo ambalo uchongaji umelisha familia nyingi kwa miaka mingi. Aidha, ndilo eneo ambalo sanamu zake takatifu zaidi zilitoweka usiku na kuibuka katika majumba ya kifahari ng'ambo. Ukichunguza sheria za Kenya, utagundua kwamba kwa muda mrefu zimemlinda mwenye kampuni ya mbali kwa uhakika kuliko mwenye boma la Kaloleni au Ganze.

Kwanza ifahamike kuwa kuchonga si hatia. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, sanamu ni kazi ya sanaa, na aliyeibuni kwa ustadi wake mwenyewe anailinda katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Fundi wa Malindi anayebuni umbo lake mwenyewe ana haki sawa na msanii mashuhuri wa Nairobi au Paris.

Matatizo huanza pale umbo linapokuwa la mwingine. Mathalan, mchongaji akiamua kutengeneza sanamu za Spider-Man na kuzipanga kibandani, atakuwa ameingilia mali ya kampuni ya Marvel ya Marekani. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993, na kwa hivyo hakimiliki za kigeni zinatambuliwa humu nchini. Iwapo jina au nembo iliyosajiliwa itabandikwa juu yake, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 nayo huweza kuingia.

Sheria haimwandami mzazi anayemchongea mwanawe sanamu ya kuchezea nyumbani, kwani matumizi ya kibinafsi ya haki yameruhusiwa. Mpaka huvukwa pale sanamu inapogeuzwa bidhaa. Ama mwenye mali atoe idhini, ama mchongaji abadilishe umbo hadi liwe lake kweli.

Hadi hapo mambo ni bayana, kwa sababu mwenye mali ana jina, ana anwani na ana mawakili. Hali hubadilika kabisa pale sanamu inapokuwa ya jamii nzima.

Wagiriama na jamii nyingine za Mijikenda wana sanamu ziitwazo vigango. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa na kiwiliwili kilichonakshiwa kwa pembetatu, husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na mali. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa kigingi kidogo zaidi cha koma.

Kigango hakichongwi kwa matakwa ya fundi. Aghalabu marehemu humjia jamaa yake katika ndoto, au maradhi na mikosi huiandama nyumba, mpaka mganga aseme kwamba mzee anadai kigango chake. Ndipo fundi huitwa, tambiko hufanywa, na tembo la mnazi humwagwa. Kuanzia siku hiyo ule si ubao tena bali ni mzee mwenyewe, na desturi haimruhusu mtu kumng'oa. Familia ikihama, kigango hubaki pale pale hadi mchwa na mvua vikimalize, na marehemu huchongewa kingine kidogo katika boma jipya.

Desturi hiyo ndiyo iliyowapa wafanyabiashara kisingizio. Baadhi yao walidai kuwa vigango vilivyobaki katika mahame vimetupwa, na kwamba kitu kilichotupwa hakina mwenyewe. Kwa mantiki hiyo, kaburi ambalo watoto wa marehemu wamehamia mji mwingine nalo lingekuwa halina mwenyewe.

Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kaloleni akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi ilipita kabla ya Udvardy kukitambua kimoja katika picha zilizoonyeshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa Illinois. Cha pili kilipatikana katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Vyote viwili vilirejeshwa, na mwaka 2007 familia ikavipokea nyumbani. Picha ile moja ndiyo iliyokuwa shahidi. Bila hiyo, vigango hivyo vingekuwa mbao mbili tu miongoni mwa mamia yaliyohifadhiwa Marekani, ambako viliuzwa kwa maelfu ya dola.

Tangu hapo mengine yamefuata. Makavazi ya Denver, yaliyopewa vigango 30 mwaka 1990, yalivirejesha Kenya mwaka 2019. Makavazi ya Jimbo la Illinois nayo yakarejesha vigango 37 mwaka 2023. Yafaa ikumbukwe kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu kurudisha vitu vitakatifu inawahusu wenyeji asilia wa nchi hiyo pekee. Kwa hivyo haikuwa nguzo ambayo Mgiriama angeweza kuiegemea.

Je, sheria ya nyumbani ilikuwa wapi? Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahitaji kibali kabla ya kitu cha kale kusafirishwa nje ya nchi. Lakini kifaa kinachohamishika huhesabiwa kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa kabla ya mwaka 1895. Huo ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao Afrika Mashariki.

Kipimo hicho kinafaa kwa jiwe na kaure ya Kichina, lakini hakiufai mti unaoachwa juani ili uoze. Vigango vingi vilivyoibwa vilichongwa katika karne ya 20. Kuviiba ni wizi kama wizi mwingine wowote, lakini mwizi akishafika bandarini, tarehe ya kuchongwa humgeuka mwenye mali.

Sheria hiyo hiyo inataja kwa jina milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vinavyolindwa, na inampa waziri mamlaka ya kutangaza vitu vya aina nyingine. Kwa maneno mengine, mlango wa Lamu umetajwa ndani ya sheria yenyewe, ilhali kigango cha Kilifi kinategemea kalamu ya waziri.

Pengo hilo ndilo lililolengwa na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016, iliyotokana na Kifungu cha 11 cha Katiba. Sheria hii inazitambua nakshi na sanamu za jamii kuwa mali ya jamii, na inamtaka anayetaka kuzitumia kwa biashara kupata kwanza ridhaa ya wenyewe baada ya kuwaeleza kila kitu. Serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuweka rejista ya turathi hizo.

Ikitekelezwa, sheria hiyo itamgusa pia mchongaji wa kawaida. Anayetaka kuuzia watalii nakala za vigango atalazimika kuzungumza na wazee kabla ya kushika tezo.

Wako watakaosema kuwa nakala zina faida. Mgeni akipata nakala nzuri kwa bei ya haki, hana sababu ya kumtuma kijana maskini makaburini usiku. Isitoshe, ubao ambao haukufanyiwa tambiko si mzee wa mtu.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ina upande wa pili. Palipojaa nakala, cha kweli hupita kwa urahisi kikiitwa nakala, na afisa wa forodha hana njia ya kuvitenganisha. Kwa hivyo ruhusa isiyokuwa na alama ni hatari kuliko katazo. Nakala ipigwe chapa isiyofutika, ionyeshe jina la fundi na kijiji kilichoridhia, na sehemu ya mapato iwafikie wenye asili.

Utaratibu wa namna hii hautamnyima riziki mchongaji wa Malindi. Kinyume chake, utampa kile ambacho kampuni za filamu zimekuwa nacho siku zote: karatasi ya kuthibitisha kuwa alichouza ni halali yake kukiuza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Familia ile ya Kaloleni ilikuwa na bahati ya kupigwa picha. Vigango vingi vingali vimesimama katika maboma na mahame ya Kilifi bila picha wala maandishi yoyote. Kaunti ina jukumu kisheria, Makavazi ya Kitaifa yana wataalamu, na wazee wanaojua kila kigango ni cha nani wangalipo. Hao wa mwisho ndio wasioweza kusubiri, kwani wakiondoka, hata mwizi akinaswa na ubao mkononi, hatakuwapo wa kusema huyu ni nani.