Jogoo wa mjini naye aende shamba

Nane kwa moja. Ndiyo furushi Stand United walilofungiwa warudi nalo Shinyanga Aprili 2025, baada ya kukutana na Yanga kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho, uwanja wa KMC Complex, Dar es Salaam. Kijiweni kwetu siku ile hapakukalika kwa kicheko. Jamaa mmoja alisema kipa wa Stand alipwe posho ya kuokota mipira.

Haya, cheka. Ukimaliza, nijibu: kwa nini mechi ile haikuchezwa Kambarage, uwanja wa nyumbani wa Stand?

Siulizi kwa utani. Msimu wa 2018/19, Stand wakiwa bado Ligi Kuu, walikutana na Yanga mara mbili. Septemba walikuja Dar; mshambuliaji wao Alex Kitenge akapiga mabao matatu peke yake, na bado wakalala 4-3. Januari Yanga ikapanda kwenda Shinyanga ikiwa haijapoteza mechi ya ligi msimu ule. Kambarage ikaikaribisha kwa 1-0, na rekodi ikabaki kule. Timu ni zile zile, msimu ni ule ule. Kilichobadilika ni uwanja. Anayeniambia nyumbani si kitu, akawaulize waliokuwa kwenye basi la Yanga siku ile.

Tumezoea kusema jogoo wa shamba hawiki mjini, tena tunasema kwa kujigamba, kana kwamba tumegundua udhaifu wa jogoo. Kumbe tumemnyang'anya jogoo uwanja wake, tukamsafirisha karibu kilomita 1,000, tukamtua mbele ya mashabiki wa mwenzake, halafu tunashangaa sauti imekauka. Huko si kushindanisha timu, ni kupeleka kafara.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: ni utaratibu wa mashindano. Sawa, lakini utaratibu haukushuka na mvua. Umeandikwa na watu waliokaa kwenye viti, na watu hao hao wanaweza kukaa tena wakaufuta mstari mmoja na kuandika mwingine.

La pili: viwanja vya mikoani havina hadhi. Hapo ndipo ninapochoka. Fainali ya kombe hili hili, ninyi wa TFF, shirikisho la soka, mliipeleka Lindi mwaka 2019. Mwaka 2020 mkaipeleka Sumbawanga. Mwaka 2021 mkawapeleka Simba na Yanga Kigoma, na watu wakasafiri usiku na mchana kuifuata. Arusha ikaipata 2022, Tanga ikaipata 2023. Mikoa inayofaa kuandaa fainali ya wakubwa wawili inashindwaje kuandaa robo fainali ya mtoto wake mwenyewe? Au mkoa unafaa tu pale unapowapokea wageni wote wawili?

La tatu ndilo lenye uzito, na sitalikwepa: Stand walijimaliza wenyewe. Ni kweli. Klabu iliyozaliwa na wapiga debe wa stendi ya mabasi ilipata udhamini mnono wa kampuni ya madini, viongozi wakagombania mfuko, mdhamini akaondoka, na mwaka 2019 timu ikashuka daraja. Sina chozi la kuwalilia viongozi wale. Lakini mchezaji aliyevaa jezi ya Stand mwaka 2025 hakusaini ugomvi ule. Yeye na wenzake waliibeba timu ya Ligi ya Championship hadi robo fainali. Malipo ya kazi hiyo ndiyo kupelekwa Dar kuchinjwa?

Na msinitajie Green Warriors. Ndiyo, Desemba 2017 timu ile ya daraja la pili iliitoa Simba, bingwa mtetezi, kwa penalti pale Chamazi, Dar es Salaam. Ndiyo, mwaka mmoja baadaye Mashujaa ya Kigoma, ikiwa daraja la kwanza, chini ya Ligi Kuu, iliichapa Simba 3-2 Uwanja wa Taifa, Simba ile ile iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu huo. Nawavulia kofia. Ila mtu kuvuka mto wenye mamba akatoka salama si sababu ya kutojenga daraja.

Wenzetu daraja wamejenga. Ujerumani, timu ya daraja la tatu kushuka chini ikipangiwa timu ya madaraja mawili ya juu kwenye kombe lao, mwenyeji ni mdogo. Basi. Novemba 2023 Bayern Munich walikwenda kwa Saarbrücken ya daraja la tatu, wakafungwa 2-1 na kutolewa. Saarbrücken wakafika nusu fainali bila kucheza hata mechi moja ugenini. Ufaransa nao, timu iliyoachwa madaraja mawili au zaidi inachezea kwake. Hakuna aliyesema Bayern ameonewa.

Hebu ifikirie Shinyanga siku Yanga inapokuja kwa mechi ya kombe. Nyumba za wageni zimejaa tangu jana. Mama lishe ameongeza sufuria. Bodaboda hana muda wa kulala, muuza jezi ameishiwa. Kiingilio kinaingia kwenye klabu isiyo na tajiri wa kuipigia simu. Na mtoto wa Ngokolo anamwona kwa macho yake beki wa mtaani kwao akimkaba nyota wa Taifa. Hata wakifungwa nane, zimefungwa mbele ya watu wao, na pesa ya siku ile imebaki mjini mwao. Stand wangeweza kufungwa nyumbani pia; soka haina bima. Lakini wangefungwa wakiwa wamepewa haki yao.

TFF, siombi ruzuku wala kamati ya kuchunguza. Naomba sentensi moja kwenye kanuni za Kombe la Shirikisho: timu ya daraja la chini ikikutana na ya Ligi Kuu kabla ya nusu fainali, timu ya chini ndiyo mwenyeji. Kama uwanja wake haufai, mechi ichezwe kwenye uwanja unaofaa ulio karibu naye, si karibu na mkubwa.

Andikeni hiyo kabla ya msimu mpya. Siku jogoo wa mjini akipelekwa shamba, ndipo tutajua nani anawika.