Tujue maneno ya boti kabla ya kupanda

Anayevuka Grande Barrière kwa mara ya kwanza hujifunza upesi neno lesepase, maana ni karatasi ya kuvukia mpaka. Lakini maneno ya bandarini Goma, anakokwenda kutafuta boti ya Ziwa Kivu, hafundishwi na mtu. Maneno hayo ni ya Kifaransa, na sisi tuliorudi kutoka Uganda na Tanzania hubaki tukitikisa vichwa.

Manifesti ni orodha ya abiria. Wako wafanyabiashara wanaodhani ni ushuru mwingine, wakaikwepa! Ndugu yangu, usipoandikwa humo, boti ikipata ajali nyumbani kwako watajuaje kwamba ulikuwemo? Jile ni koti la kuokolea maisha. Livae, si mto wa kukalia juu ya magunia.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, ikitoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiiona kutoka ufukweni. Vita vilikuwa vimefunga barabara, boti ikajazwa kupita kiasi. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278. Idadi ya waliokufa ilitofautiana kati ya kiongozi mmoja na mwingine, na familia zikazunguka hospitali zikiuliza majina.

Wahusika wa mpaka waweke ubao mmoja pale foleni inapoanzia, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, wenye maneno hayo na maana zake. Foleni yenyewe ni ndefu, muda wa kusoma upo.