Taa mdomoni: dawa au mazingaombwe?

Huku kwetu Mabawa gumzo la wiki hii si mpira wala siasa. Ni meno.

Kisa chenyewe ni dada mmoja wa mtaa wa pili, alikwenda kuziba jino mjini, akarudi anatamba kwamba katibiwa kwa leza. Eti daktari kamwashia taa ya buluu mdomoni, sekunde chache tu, jino limepona. Basi pale barazani kwenye kahawa kukawaka moto. Wazee wakasema ni uongo wa mjini, vijana wakasema dunia imeendelea. Muuza kahawa mwenyewe, ambaye ana pengo la meno mawili ya mbele, akauliza kwa upole kama taa hiyo inaotesha.

Haioteshi, mjomba. Pole sana.

Mimi nimeishia kidato cha nne lakini kusoma sijaishia, kwa hiyo nililifuatilia jambo hili. Tuanze na dada yetu, maana si vizuri kumwacha ajidai kwa kitu ambacho hakukipata. Ile taa ya buluu si leza, na kazi yake si kuponya. Dawa nyeupe ya kuzibia jino inawekwa ikiwa laini kama unga uliokandwa, na mwanga wa buluu ndio unaoifanya igande. Ikishaganda, kazi ya taa imekwisha.

Leza ya kweli ipo, tena ya namna mbili. Moja inakata. Ina nguvu, inachana fizi na nyama laini badala ya kisu, na damu haitoki nyingi. Marekani waliruhusu aina yake mojawapo ichonge hata jino lenyewe mwaka 1997. (Najua yupo mtu keshaanza kuwaza kumpeleka mtoto akakatwe kimeo kwa leza. Acha! Kikohozi cha mtoto hakitoki kwenye kimeo, kikatwe kwa wembe wa mganga au kwa mwanga wa daktari.)

Namna ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni leza dhaifu. Haikati, haichomi, hata joto huwezi kulisikia. Mwanga wake ni mwekundu, au ule uliopita wekundu ambao jicho la binadamu halioni kabisa, na kwa kawaida nguvu yake haifiki nusu wati. Unawashiwa kwenye kidonda ili kidonda kipone upesi.

Usicheke mwanga kuitwa dawa. Mama aliyejifungua mtoto wa manjano anajua, mwanawe aliwekwa uchi chini ya taa, macho yamefunikwa, akatoka mweupe wa macho. Tiba hiyo ilianzia hospitali ya Rochford, Uingereza, miaka ya 1950, baada ya nesi Jean Ward, aliyekuwa na mazoea ya kuwatoa wachanga nje waote jua, kuona ngozi iliyopigwa na jua imepungua manjano. Nesi, si profesa!

Ya leza dhaifu nayo ilianza hivyo hivyo, kwa macho ya mtu. Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Budapest, Hungaria, aitwaye Endre Mester, akataka kujua mwanga huo unamfanya nini kiumbe hai. Akawanyoa panya manyoya, baadhi akawamulika, wengine akawaacha. Saratani aliyokuwa akiiwazia haikutokea. Kilichotokea ni kwamba panya waliomulikwa manyoya yao yaliota upesi kuliko wenzao! Miaka iliyofuata akaupeleka mwanga huo kwa wagonjwa wenye vidonda vya miguu vilivyogoma kufunga.

Vipi mwanga unaponya? Mwalimu wetu wa Biolojia alituimbisha kwamba mitokondria ndiyo jiko la seli. Sasa wataalamu wanaeleza kuwa ndani ya jiko hilo kuna kimeng'enya kinachonasa mwanga mwekundu, na kikishaunasa moto unakolea, seli inapata nguvu ya kujijenga. Ila kuna kipimo. Mwanga kidogo huamsha, ukizidi hufifisha. Ndiyo maana mtu hajimuliki kwa kukisia.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma.

Nina mama mdogo hapa hapa Mabawa. Alipatikana na saratani ya ulimi, akapelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi. Wiki mbili za mwanzo alikuwa akinipigia simu anacheka. Wiki ya tatu sauti ikabadilika. Mdomo mzima ulikuwa umechubuka kama mtu aliyemeza uji unaochemka, mate hayamezeki, maji yanachoma. "Mwanangu," akaniambia, "njaa ninaijua, nimelea watoto sita. Lakini kuogopa chakula sikuwahi kukuona." Alikuwa keshafunga kibegi apande basi arudi Tanga.

Vidonda hivi si kosa la mtu. Mionzi inayoua saratani inachubua pia ngozi laini ya kinywa, na wengi wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo huvipata. Hatari yake si maumivu peke yake. Tiba hupangwa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba, na mgonjwa akirukaruka siku, uvimbe unapata nafasi ya kuota tena. Kidonda cha mdomoni kinaweza kumfanya mtu ashindwe na saratani ambayo ingetibika. Usiombe.

Na hapa ndipo ushahidi wa leza dhaifu ulipo imara kuliko pengine popote. Mwaka 2018 taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo ni wagumu kweli kukubali vitu, ilisema ushahidi wa kuzuia na kutibu vidonda hivi kwa leza unatosha na haikuona tatizo kubwa la usalama. Mwaka 2020 jopo la kimataifa la wataalamu wa huduma za wagonjwa wa saratani likapendekeza mwanga huo utumike kuvizuia kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, na kwa wanaopandikizwa uboho.

Angalia neno "kuzuia". Mgonjwa huanza kumulikwa mapema, kabla kidonda hakijatokea. Anavaa miwani maalumu, na mtaalamu anavaa yake, kisha kijiti chenye mwanga kinapitishwa ndani ya midomo, mashavuni na ulimini, nukta kwa nukta. Uvimbe wenyewe wa saratani wanaukwepa.

Mashine hii si ya kuikuta kila kliniki, na mama mdogo hakuipata. Alipewa dawa za maumivu, akafundishwa kusukutua kwa maji ya chumvi, na uji uliopoa ukawa chakula chake. Kibegi alikifungua baada ya daktari kumweleza ninachokueleza wewe kuhusu kuruka siku. Akamaliza.

Kwa mambo mengine, kama kuvimba baada ya kung'olewa gego la mwisho, au maumivu ya nyaya za kunyoosha meno, leza dhaifu imejaribiwa sana lakini majibu yanayumba: huku inasaidia, kule hakuna tofauti. Kwa hiyo nikiona kwenye simu matangazo ya vitaa vyekundu vya kung'ata, eti vinatibu kila kitu kuanzia fizi hadi jino bovu, nasema huo ni uzugaji. Jino lenye usaha haliponi kwa taa. Ukiona shavu limevimba, homa inapanda na mdomo haufunguki, usitafute taa, nenda Bombo usiku huo huo.

Na kama ndugu yako ndiyo kwanza anapangiwa mionzi ya mdomo au koo, aulize habari ya mwanga kabla ya siku ya kwanza, na meno mabovu ayashughulikie kabla pia, kwani mfupa wa taya uliopigwa mionzi unapona kwa shida sana baada ya kung'olewa jino. Anayepewa dawa ya saratani kwa sindano ana swali lake jingine. Ipo moja, inaitwa fluorouracil, ambayo ikisukumwa mshipani kwa mara moja, mgonjwa hushauriwa kunyonya barafu kwa nusu saa ili mdomo usichubuke. Barafu tu, msomaji wangu, ile ile tunayotilia maji ya ukwaju.