Kompyuta Isipewe Kazi ya Breki



Maoni yangu ni juu ya zile mashine ndogo za kuchonga mbao na alumini zinazoongozwa na kompyuta, ziitwazo CNC. Wengi wetu twazijua. Mafundi kadhaa wa chama chetu huziunda nyumbani baada ya zamu, wakachonga milango na vibao vya majina, wakapata fedha ya karo. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini sasa mashine hizo hizo zauzwa kwa wenye karakana, na kijana wa kibarua ndiye anayesimama mbele yake toka asubuhi hata jioni. Ikifika hapo ni kazi kama kazi nyingine, na usalama kazini ni shauri la chama.

Nitasema habari ya mahali pamoja tu katika mashine hiyo: pale waya unapotoka kwenye kompyuta ndogo ya chipu moja, iitwayo maikrokontrola, kwenda kwenye kiendeshi cha spindeli. Spindeli ni ile mota inayozungusha kisu cha kuchongea. Nyingine huzunguka mara 24,000 kwa dakika.

Maikrokontrola hutumia volti 5, na nyingine volti 3.3 tu. Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240, na ndani ya viendeshi vingi vya mota hizi hugeuzwa kuwa DC ya volti karibu 340. Mkubwa na mdogo hawa wakikutana pasipo ukuta katikati, mdogo ataungua. Na mtu aliyeshika waya wa mdogo hana bahati kuliko yeye.

Hatari kubwa kabisa iko katika viendeshi vya bei nafuu vya mota za DC, hasa vile vya kurekebisha mwendo kwa kitufe cha kuzungusha. Kitufe kile kina skrubu tatu. Fundi asomapo ya kuwa hapo pana volti chache tu, hudhani ni mahali pa salama, akaondoa kitufe na kufunga maikrokontrola mahali pake. Asilolijua ni kwamba katika viendeshi vingi vya namna hiyo skrubu zile hazikutengwa na stima ya ukutani. Volti chache zile ni kati ya skrubu na skrubu. Ukipima kati ya skrubu na ardhi utapata habari nyingine kabisa. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, moshi utatoka. Kompyuta ikiwa ya betri, huenda moshi usitoke, mashine ikafanya kazi vizuri, na kila chuma kilichoungwa na kompyuta ile kikawa na stima ya kuua. Mimi naogopa ile isiyotoa moshi.

Dawa yake yajulikana. Ni kijidude kiitwacho optokapla. Ndani yake mna taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili. Maikrokontrola huwasha taa, jicho huiona, na agizo hupita kwa mwanga pasipo waya kugusana na waya. PC817, inayopatikana madukani, imetengenezwa kustahimili volti 5,000 kati ya pande zake mbili. Bei yake haifiki bei ya chai na mandazi. Kwa hiyo mtu asituambie ya kuwa ameiacha kwa ajili ya gharama.

Lakini nimeona katika karakana moja optokapla imefungwa vizuri, kisha fundi akaunganisha waya wa hasi wa upande huu na wa upande ule, na pande zote mbili zalishwa na transfoma moja. Huyo amejenga ukuta, halafu akatoboa mlango katikati yake. Kila upande uwe na chanzo chake cha stima, na hasi zao zisikutane popote, hata ndani ya mashine ya kupimia.

Viendeshi vya mota za AC, vile vya kubadilisha mwendo kwa hezi, ni afadhali kidogo, maana mara nyingi sehemu ya maagizo imetengwa tangu kiwandani. Hata hivyo kisomwe kitabu chake kwanza. Agizo la mwendo huwa la volti 0 mpaka 10, basi aliyefunga volti 5 za maikrokontrola moja kwa moja atapata nusu ya mwendo na kulaumu mota. Atumie kigeuzi chenye optokapla ndani yake. Na waya wa ardhi ufike kwenye mwili wa spindeli wenyewe. Ziko spindeli za bei nafuu ambazo pini ya nne ya plagi haikuungwa na kitu chochote ndani. Ipimwe kwa testa, isiaminiwe kwa macho.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mimi na vijana wa kompyuta hatupatani. Wao husema, “Kitufe chekundu nimekifunga kwenye maikrokontrola, na programu itasimamisha spindeli.” Mimi nasema programu ikikwama, ni nani atakayesimamisha?

Sisi wa reli tumelijua jambo hili zamani. Breki ya hewa ya Westinghouse, ile ya mwaka 1872 iliyoenea duniani, ilipangwa hivi: hewa iliyo katika bomba la treni ndiyo inayozuia breki isishike. Mpira ukipasuka au mabehewa yakikatika, hewa hutoka na breki hushika yenyewe. Haimngojei dereva. Kitufe chekundu cha CNC kifungwe kwa namna hiyo hiyo. Stima ndogo ipite katika kitufe wakati wote kushikilia kontakta, na kontakta ilishe kiendeshi. Kitufe kikipigwa, au waya ukikatwa na panya, kontakta huachia. Maikrokontrola iambiwe baadaye, kama mtu anayepewa habari, bali isiombwe ruhusa.

Tena stima yetu hukatika na kurudi bila hodi. Kontakta isijishike yenyewe stima ikirudi, mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuanzia. Na maikrokontrola inapoamka, pini zake hukaa kitambo bila agizo lolote, hata kiendeshi chaweza kudhani kimeambiwa kwenda. Rezista moja ya kuvuta pini hiyo chini huondoa shaka.

Ajue pia mfanyi kazi ya kuwa spindeli haisimami papo hapo stima ikikatwa, na kapasita za kiendeshi hushika moto wake dakika kadhaa. Asibadilishe kisu wala kufungua kifuniko kabla ya muda ulioandikwa kitabuni kupita.

Wenye karakana watasema hizi ni mashine ndogo, hazina sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuuliza ukubwa wa mashine. Yasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi, na asilazimishwe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Penye watu 20 au zaidi hapana budi kuwe na kamati ya usalama.

Naomba katibu wa tawi aliweke jambo hili katika mkutano ujao, na wajumbe wa kamati za usalama waje na testa. Nitaleta kiendeshi kimoja cha DC cha kitufe, tupime skrubu zile tatu mbele ya watu wote, kwanza kati yao, kisha na ardhi.

Fundi wa Reli