Nani Anamgeuza Bibi Usiku?

Kidonda cha mama kilianzia kisiginoni. Kilikuwa doa tu, jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, na kwa kuwa halikutoa damu wala usaha hakuna aliyelitilia maanani. Mama alikuwa amepata kiharusi miezi mitatu nyuma, upande wa kushoto umelala, na sisi watoto wake tulikuwa tumefanya kila tulichodhani kinatakiwa: godoro jipya, pampasi za watu wazima kwa maboksi, mchango wa kila mwezi kwa simu, na binti mmoja wa kukaa naye nyumbani Ngamiani, Tanga. Tukiulizwa hali yake tulijibu bila kusita, "Yuko nyumbani, anatunzwa." Kila jioni yule binti alichukua mafuta ya nazi akakichua kile kisigino, kwa huruma kabisa, kama dada yangu mkubwa alivyomwelekeza. Wiki ya tatu ngozi ikachanika.

Aliyetufungua macho ni jirani, muuguzi mstaafu, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Alitueleza kwamba ngozi inayokandamizwa muda mrefu hukosa damu, na kuichua ni kuimalizia. Akaweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, kisiguse kitu. Akamwonyesha binti jinsi ya kukagua mwili mzima kila asubuhi wakati wa kumwogesha: visigino, nyonga, kifandugu, mabega, hata kisogo. Kwenye ngozi yetu nyeusi, alisema, usisubiri kuona wekundu. Tafuta joto, ugumu, doa lililokoza, mahali mgonjwa anaposhtuka ukigusa. Kisha akakunja kanga, akaipitisha chini ya kiuno cha mama, akashika ncha zake mbili upande huu na binti akashika mbili upande ule, wakamnyanyua na kumlaza ubavu bila kumburuta. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kwa miezi mitatu tulikuwa tukimvuta mama kwa makwapa, na kila mara tulipomvuta shuka lilimkwangua.

"Mgeuzeni kila baada ya saa mbili," alisema akiaga.

Saa mbili hizo zina usiku ndani yake. Mgonjwa akilazwa saa nne, kuna kuamka saa sita, saa nane, saa kumi, halafu kunakucha na uji haujapikwa. Kazi hiyo ilimwangukia binti wa miaka kumi na tisa, aliyetoka kwao akijua anakuja kufua, kupika na kufagia. Hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa wa kiharusi akilishwa amelala chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, kwa hiyo alishwe ameketi wima na aachwe hivyo kama nusu saa. Hakuna aliyemwambia kwamba mzee hupungukiwa na hisia ya kiu, kwa hiyo maji apewe hata kama hajaomba. Siku mama alipoanza kuongea na watu wasiokuwepo tulisema ni uzee. Kumbe ulikuwa mkojo wenye maambukizi, na dawa zilimrudisha katika akili zake baada ya siku chache.

Nasimulia haya kwa sababu sitaki toleo hili la jarida letu, linalohusu matunzo ya wazee, lisomwe kama lawama kwa watu wasiowajali wazazi wao. Tulijali sana. Tatizo letu lilikuwa kudhani kwamba nyumbani ni jibu, kwamba mzee akishakuwa kwake, kati ya watu wake, ubora wa huduma unajileta wenyewe. Huduma bora ya mzee wa kitandani inasomeka kwenye ngozi yake, midomo yake, kucha zake, uzito wake, na inategemea mtu mmoja: yule aliye naye saa nane za usiku.

Kiswahili kina neno zuri kwa ajili ya mtu huyu. Mtu akisema "ninauguza", majirani wanaelewa papo hapo: asamehewe vikao, aletewe chakula, apokewe zamu. Lakini neno hilo tumelizoea kwa ugonjwa wenye ukomo, wa kupona au wa kufa. Uzee wa kulala kitandani miaka minne haumpi mtunzaji kauli ya kumwombea nafuu. Baada ya mwezi wa kwanza sahani za majirani zinakoma, si kwa ubaya, ila kila mtu ameshazoea kwamba bibi wa nyumba ile amelala.

Sheria nayo iliandikwa kwa jicho hilohilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 34 kama kilivyopitishwa, ilimpa mfanyakazi likizo ya siku nne zenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Kwa mzazi, ilitaja kifo peke yake. Dada yangu alizipata siku zake nne tulipomzika mama. Siku alizozihitaji zaidi, za kujifunza kumlisha na kumgeuza, alizichota kwenye likizo yake ya mwaka mpaka ikaisha.

Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo nguzo ya matunzo ya mzee, makao ya wazee yakiwa kimbilio la mwisho. Sina ugomvi na hilo. Mama asingekubali kufia pengine. Ila familia ikishafika mlangoni inageuka kuwa mtu fulani mwenye jina na mgongo unaouma. Mara nyingi ni mkwe, au binti aliyeachika akarudi nyumbani, au mfanyakazi wa ndani ambaye, akiwa anaishi kwa mwajiri wa kawaida, amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo tunamkabidhi kazi ambayo hospitalini ingefanywa kwa zamu na watu waliosomea.

Zanzibar imetangulia kwa kitu kimoja cha kupigiwa mfano: tangu 2016 kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea ana haki ya Pensheni Jamii kutoka serikalini, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Ni heshima kubwa kwa mzee kuwa na fedha yake mkononi. Hata hivyo fedha inahitaji mtu wa kwenda kununua nayo dawa na kumnywesha kwa wakati.

Tanzania Bara nako, Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294. Hawa wanaingia majumbani. Ombi letu kwa wanaowafundisha ni dogo: kwenye nyumba yenye mzee aliyelala, mhudumu asiondoke kabla ya kumfunua shuka, kwa staha na kwa ridhaa yake, na kuangalia visigino na kifandugu. Na amuulize anayemtunza, faraghani, ni lini alilala usiku kucha.

Swali hilo sisi hatukuwahi kumuuliza binti wetu. Nilimuuliza baada ya matanga, tukikunja godoro. Alifikiri kidogo, akasema tangu kabla ya Ramadhani. Ilikuwa imeshapita Idi ya kuchinja.

Katikati ya toleo hili kuna ukurasa wa kuchanwa na kubandikwa ukutani, karibu na kitanda. Una saa za kugeuza, saa za dawa, vikombe vya maji, na picha ya mwili yenye alama za mahali pa kukagua. Safu ya mwisho tumeiacha wazi, mistari saba kwa siku saba, ili familia ikae na kuandika majina: usiku huu anaamka nani. Ikiwa mistari yote saba ina jina moja, kikao hakijaisha.