Kijiji Kilichohamishwa na Moto

Hapa kambini tunasikia mara nyingi: kijiji wakishakikimbia watu, basi kimekwisha. Mwezi huu tunawasimulia habari za Centralia, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Pennsylvania, Marekani, jimbo ambalo baadhi ya jamaa zetu wamepelekwa kuishi.

Huko hakikuja vita, ulikuja moto. Ilikuwa mwaka 1962. Wengi husimulia kwamba ulianzia jalalani, takataka zilipochomwa ili pawe safi kabla ya sikukuu. Ukaingia kwenye migodi ya zamani, ukashika makaa chini ya ardhi. Watu wakachimba, wakamwaga maji, wapi! Unawaka mpaka leo.

Miaka ikapita, moshi ukatoka ardhini, hewa ya sumu ikaingia majumbani. Mwaka 1981 mtoto wa miaka 12 alikuwa uani kwa bibi yake, ardhi ikafunguka, akazama. Alishika mizizi ya mti mpaka binamu yake akamvuta.

Hapo majirani wakagombana kweli. Wenye moto karibu walitaka kuhama. Wengine walisema eti serikali inayatamani makaa yao tu. Mwaka 1983 wakapiga kura: 345 tuhame, 200 tubaki. Mwaka 1984 Bunge likatoa dola milioni 42, watu kama 1,000 wakaondoka, nyumba zikabomolewa nyuma yao.

Wachache waligoma. Serikali ya jimbo ilizitwaa nyumba zao mwaka 1992, nao wakaenda mahakamani. Mwaka 2013 walikubaliwa kukaa mpaka kufa kwao, ila watoto hawatarithi. Fikirini hilo, wazazi. Sensa ya 2020 ilikuta watu 5.

Lakini kanisa la kilimani, la mwaka 1911, bado limesimama. Jumapili waliohamia sehemu za jirani hurudi kusali pale, na makaburi ya wazee wao yanatunzwa. Tena mwaka 1966 wanakijiji walikuwa wamezika sanduku la kumbukumbu, lifunguliwe baada ya miaka 50. Lilifunguliwa mapema, mwaka 2014, maana kuna mtu alijaribu kuliiba. Wenyeji wa zamani wakaja kuona. Maji yalikuwa yameingia, vitu vingi vimeharibika. Kofia ya mchimba makaa ilikuwemo, na taa yake, na Biblia.