Mzee siyo mzigo

Mwezi huu tuongee juu ya uzee.

Ukipanda kutoka kituo cha mabasi Nyabugogo kwenda mjini Kigali, unapita Muhima. Wengi wanaijua kwa hospitali yake, maana pale watoto wengi huzaliwa. Ni furaha! Lakini kila mtoto anayetoka pale mgongoni mwa mama ameshaanza safari ya kuzeeka. Tunalijua hilo, ila hatupendi kulitaja.

Buddha alilitaja, miaka kama 2,500 iliyopita, huko upande wa India na Nepal. Wafuasi wake husimulia kwamba alipofika miaka 80 aliufananisha mwili wake na mkokoteni wa zamani, uliofungwafungwa ili utembee. Hakuona haya. Alifundisha kwamba hakuna kinachodumu, na kwamba tunaumia kwa kung'ang'ania. Mafundisho hayo yamefika hata kwa majirani: Uganda kuna kituo cha Wabuddha tangu 2005, kilichoanzishwa na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita.

Hatuwaombi mbadilishe dini. Tunaleta funzo hili kwa sababu sisi wakimbizi tunajua mapito. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa 1997. Mwaka 2021 watu wake wakahamishiwa Mahama, kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula ardhi. Aliyeingia pale na miaka 45 alitoka mzee wa karibu 70.

Ila tuelewane: kukubali uzee siyo kunyamaza. Dawa ya presha ifuatiliwe, miwani iombwe. Kukubali ni kuacha kuficha. Tuko na wazee wanaojifanya wanaona vizuri, kumbe wanaogopa kuitwa mzigo. Na sisi vijana tunawaambia, "Usijali babu, utapona, tutarudi nyumbani," kumbe tunajituliza wenyewe. Mzee anabaki na maneno yake moyoni: shamba lilikuwa wapi, ndugu ni nani, yeye azikwe namna gani.

Zoezi la mwezi huu: kila kijana akae jioni moja na mzee wa nyumbani, amwulize, asikilize bila kumkatiza, aandike kwenye daftari. Kama nyumbani hakuna anayejua kuandika, mleteni mzee shuleni baada ya masomo. Tutamwandikia, na daftari litabaki kwenu.